Wino wa Ijumaa

Mratibu wa shule ya kiangazi alikuwa na adabu za kuudhi. Aliwavutia wageni viti mwenyewe, akawamiminia maji mwenyewe, akauliza kama kiyoyozi kinawasumbua, na yote hayo kabla hajasema hata neno moja kuhusu binti aliyepotea. Inspekta aliyanywa maji yale taratibu. Katika miaka ishirini na sita ya kazi alikuwa amejifunza kwamba mtu anayekukirimu hivyo Jumatatu asubuhi ama ni mwema kweli, ama anataka uondoke mapema.

Pembeni yake alikaa kaka mtu, fundi cherehani, aliyeshuka kwenye ndege jana yake na bado amevaa shati alilosafiria. Mdogo wake, ambaye nyumbani walimwita Msomi tangu ana miaka sita, alikuja nchi hii ya ugenini kusoma utunzaji wa nyaraka kwa wiki sita: namna ya kusafisha karatasi kuukuu, kuzipanga, kuziokoa na wadudu. Alikuwa ameingia wiki ya nne ya masomo. Tangu Alhamisi jioni simu yake haipatikani.

"Kwanza poleni sana," Mratibu alisema. "Lakini nisiwazungushe. Binti hakupotea. Aliondoka."

Alisogeza mezani karatasi ya kwanza, barua pepe iliyoingia ofisini Ijumaa jioni. Ilikuwa na mistari miwili tu: amechoka na masomo, anatembea kidogo kabla ya kurudi kwao, asitafutwe. Akasogeza ya pili, fotokopi ya daftari la mahudhurio la wiki ile. Mstari wa kumi na nne, Ijumaa, saini ya Msomi.

"Ijumaa asubuhi alikuwa darasani kama mnavyoona. Saa saba mchana mimi na wanafunzi wengine tukapanda basi kwenda kutazama kiwanda cha karatasi. Yeye alisema tumbo linamkata, akabaki. Tuliporudi saa mbili usiku, sanduku lake halipo."

"Msomi hajawahi kutembea peke yake hata sokoni," kaka mtu alisema.

"Ndugu yangu, watoto wakifika ugenini hubadilika. Mimi nimewaona wengi."

Karatasi ya tatu ilikuwa fomu. Familia ikisaini kwamba mwanafunzi ameondoka kwa hiari yake, chuo kitampa kaka mtu tiketi ya kurudi nyumbani na cheti cha zile wiki nne ambazo mdogo wake alihudhuria. Mratibu alichomoa kalamu mfukoni mwa shati, kalamu nzuri ya bluu, akaiweka juu ya fomu kwa upole kabisa.

Inspekta aliijua hiyo fomu kabla ya kuiona. Mkuu wake, aliyekwisha kuzungumza na Mratibu, alikuwa amempigia simu asubuhi ile. Mtu mzima, amebeba sanduku, ameandika barua, alisema mkuu. Ndugu akisaini, hakuna faili. Asiposaini, una mpaka saa sita uniletee kitu cha kushika mkononi, la sivyo hakuna faili vilevile. Na bila faili hakuna askari wa kutafuta, hakuna mbwa, hakuna kibali cha kufungua hata kabati. Saa ya ukutani ilisema saa nne kasoro robo.

"Naomba nikaisome vizuri," kaka mtu alisema. Akaikunja fomu mara nne, akaitia mfukoni. Kalamu hakuigusa.

Inspekta alisimama, akamgeukia Mratibu. "Alhamisi jioni ulikuwa wapi, Daktari?"

"Hapa hapa. Ripoti haziishi."

"Na nani?"

"Peke yangu. Lakini mbona Alhamisi, Inspekta? Ijumaa yu hai, mzima, amesaini."

Inspekta aliiweka glasi yake mezani. Hakuna mtu chumbani mle aliyekuwa amemtaja mfu.

*

Mlango wa chumba cha hosteli ulikuwa wazi na mwenyeji wao alikuwa amesimama pale pale akiwasubiri, lakini kaka mtu alisimama kizingitini, akasema, "Hodi." Akangoja. Alikuwa amefanya vivyo hivyo ofisini, na hata kwenye gari la polisi, jambo lililomchekesha dereva.

"Karibuni," alisema binti wa ndani. "Shikamoo, mama. Shikamoo, kaka."

Huyu ndiye aliyelala kitanda cha pili. Alikuwa mfupi, macho mekundu, na kiganja chake cha kulia hakikuacha kuuparua ule wa kushoto. Kitanda cha Msomi kilikuwa kitupu hadi godoro. Kabati tupu. Inspekta alipiga magoti akachungulia uvunguni, akainuka na vumbi kwenye goti na mguno wa mtu mwenye umri wake.

"Nianze na hii," alisema, akamwonyesha fotokopi. "Jumanne na Ijumaa. Saini hizi mbili si mkono mmoja na zile nyingine. Hata mimi nisiye na miwani ninaona. Nani alimsainia?"

Binti alianza kulia kabla swali halijaisha. Inspekta alimwacha alie. Kulia hakujawahi kumzuia mtu kujibu.

"Ya Jumanne ni mimi," alisema mwishowe. "Alikuwa na homa. Ukikosa siku mbili hupati cheti, mama, na yeye alishakosa moja. Akaniomba. Sisi wote tunasainiana, si mimi peke yangu."

"Na Ijumaa?"

"Si mimi."

"Mwanangu, umezoea kuifanya. Jumanne umeweza, Ijumaa ikushinde nini?"

"Ijumaa nilikuwa nimemkasirikia! Alhamisi baada ya darasa aliniambia anapanda juu kuuliza jambo moja, atarudi tule. Nikangoja mpaka chakula kikapoa. Hakurudi usiku, nikajua amelala kwa wale wa ghorofa ya tatu. Asubuhi darasani hayupo. Nikasema basi, leo akome, sisaini." Alijifuta pua kwa mkono wa shati. "Sikumsainia. Kama ningemsainia ningekwambia, maana ya Jumanne si nimekwambia?"

"Kwa hiyo Ijumaa asubuhi hukumwona kabisa."

"Sikumwona, mama."

"Mratibu anasema alikuwepo."

"Mratibu hafundishi Ijumaa. Anajuaje?"

Inspekta alikaa kwenye kitanda kitupu. Swali lilikuwa zuri, na lilikuwa limeulizwa na mtu aliyekuwa mshukiwa wake wa kwanza dakika mbili zilizopita.

"Kuna kitu kingine kilichopotea humu?"

Binti alitazama sakafu. "Naona aibu kusema."

"Sema na aibu yako."

"Viatu vyangu. Vile vyeusi vya kutokea. Vilikuwa chini ya kitanda chake, mimi huviweka huko kwa sababu kwangu kuna begi. Vimekwenda na sanduku. Nilisema moyoni, kumbe alikuwa mwizi. Nilimsema vibaya sana kwa wenzangu."

Kaka mtu aliuliza, "Unavaa namba ngapi, mdogo wangu?"

"Thelathini na sita."

"Msomi anavaa arobaini. Nyumbani tunamtania, tunamwambia avae mitumbwi."

Inspekta alitazama viatu vya binti, vidogo kama vya mtoto wa shule. Mtu aliyefungasha sanduku lile alikuwa amezoa kila kilichokuwa upande ule wa chumba, asijue kipi ni cha nani. Msichana hawezi kukosea viatu vyake mwenyewe.

"Ijumaa mchana, chumba kilikuwa na nani?"

"Hakuna, mama. Tulikuwa darasani mpaka saa sita na nusu, tukapanda basi moja kwa moja."

"Na ufunguo wa akiba?"

"Ofisini kwa Mratibu."

Kaka mtu alikuwa amegeukia kabati, anahesabu hanga tupu kwa kidole. "Na koti lake la kijivu? La kazi? Nililishona mimi."

"Koti haliji huku, kaka. Makoti yanabaki stoo, hayatoki. Wanaogopa wadudu."

Kaka mtu alishika mlango wa kabati. Inspekta aliona rangi ya uso wake ikibadilika.

"Nini?"

"Nilidhani kalivaa," alisema. "Mama, nilidhani popote alipo, kalivaa. Twende."

*

Stoo ya nyaraka ilikuwa chini ya ardhi, ngazi arobaini, na kila ngazi ilikuwa baridi kuliko iliyotangulia. Mlangoni palikuwa na meza, daftari, penseli iliyofungwa kwa uzi kwenye mguu wa meza, na mzee mmoja mwenye funguo nyingi kiunoni. Wanafunzi walimwita Babu Funguo, na alikuwa amenyoosha kopo la bati kabla hawajamaliza kusalimia.

"Kalamu haingii humu."

"Mzee, mimi ni polisi."

"Hata ungekuwa rais, binti yangu. Wino ukidondokea karatasi ya miaka mia mbili, polisi hawawezi kuurudisha. Ukitaka kuandika, penseli ipo."

Inspekta aliitoa kalamu yake, akaitumbukiza koponi kwa kishindo kikubwa kuliko ilivyohitajika. Kisha akabaki amesimama pale pale, mkono bado juu ya kopo.

"Daftari hili ndilo la mahudhurio? Lenyewe?"

"Ndilo. Wanasaini hapa wakiingia. Karatasi zina namba, sitoi hata moja."

"Fungua Ijumaa."

Babu Funguo alilamba kidole, akafunua. Safu nzima ya saini za penseli, za kijivu, nyingine zimefifia. Mstari wa kumi na nne ulikuwa wa bluu.

Kwenye fotokopi zote zilikuwa nyeusi. Inspekta aliiweka fotokopi kando ya daftari na akajisikia mjinga kwa dakika nzima, na alistahili.

"Mzee, mtu anaweza kusaini kwa wino hapa mlangoni?"

"Mbele yangu?" Babu Funguo alikuwa ameuona sasa naye, na sauti ilimpungua. "Haiwezekani. Miaka thelathini haijawezekana."

"Basi daftari lilitoka."

"Hutoka Ijumaa tu. Saa nne Mratibu anakuja kulichukua, anajaza ripoti yake huko juu, saa sita analirudisha. Hapa haingii. Anasema vumbi linamkaba, basi anasimama hapo kwenye ngazi ya mwisho, ninampa."

"Na penseli?"

"Penseli si imefungwa? Inabaki."

Inspekta alipanga mambo kichwani kwa utaratibu, moja moja. Mtu anayetaka Msomi aonekane hai Ijumaa ni mtu ambaye Alhamisi jioni hana wa kumshuhudia, na Ijumaa mchana ana basi zima. Mtu huyo angesaini kwa penseli, hakuna ambaye angejua mpaka kiama. Lakini kwa sababu hakuwahi kuvuka mlango huu, hakuwahi kunyang'anywa kalamu. Alisaini mezani kwake na kilichokuwa mfukoni. Na kabla au baada, akiwa na ufunguo wa akiba, alikwenda kuzoa viatu vya watu.

Ilikuwa saa tano na dakika kumi.

"Makoti," kaka mtu alisema. "Tafadhali, mzee."

Yalining'inia kwenye chumba kidogo cha pembeni, ishirini na mawili, ya kijivu yote, yamefanana kama maharage. Kaka mtu alikuwa ametumiwa na mdogo wake picha ya makoti haya, akakata kitambaa kwa picha ile. Hakutazama namba za misumari. Alipitisha vidole kwenye kola moja baada ya nyingine na macho ameyafumba, na kwenye la tisa akasimama.

"Hili. Mimi hurudia uzi mara tatu kwenye kona."

Alilishusha, akalilaza mapajani, akageuza bitana, kile kitambaa cha ndani. Babu Funguo alimpa mkasi wake wa kukatia kamba za mafaili bila kuombwa. Upande wa kushoto, chini ya kwapa, mahali ambapo hakuna mtu angetafuta mfuko, palikuwa na mfuko, mdomo wake umeshikizwa kwa nyuzi chache za Msomi mwenyewe.

"Nilimwambia, pasipoti usiiache chumbani, usiiache darasani, usimpe mtu. Akanicheka, akasema kaka unanifanya jambazi. Nikamshonea kwa nguvu."

Akaitoa pasipoti. Aliifungua, akaiona picha, akaifunga haraka.

"Bila hii hapangi chumba cha hoteli," Inspekta alisema. "Hapandi treni ya mpakani wala ndege. Hajatoka." Hicho kilikuwa kitu cha kushika mkononi. Lakini hakuinuka kupiga simu, kwa sababu ndani ya pasipoti palikuwa na kijikaratasi. Kiliandikwa kwa penseli, mwandiko wa Msomi: namba ya boksi na alama ya kuuliza.

Babu Funguo alikisoma akakaa chini.

"Nililiandaa mimi hilo boksi," alisema. "Ni la barua za shule ya kiangazi yenyewe, za miaka ya nyuma. Nilimpa azipange. Kazi ya mazoezi tu."

Alilileta. Humu hakuna kilichotupwa, ndiyo kazi yao: hata risiti ya chai ilikuwa na namba yake. Juu kabisa palikuwa na barua tano zenye stempu za mbali, zimefunguliwa kwa kisu, na zote zilikuwa za mkono mmoja. Inspekta alisoma ya kwanza, akampa kaka mtu. Mama mmoja aliuliza mwanawe wa kike yuko wapi, maana kozi imekwisha na hajarudi. Katika ya pili aliuliza tena. Katika ya tano alisema hana uwezo wa kuja mwenyewe, na aliomba, kwa jina la Mungu, angalau atumiwe nguo zake. Kila barua iligongwa mhuri mmoja mwekundu: *Imesomwa. Hakuna hatua.*

Chini ya barua lilikuwepo daftari la mahudhurio la kiangazi kile, miaka mitatu nyuma. Inspekta hakuhitaji kuambiwa afunue wapi. Ijumaa ya wiki ya nne, katikati ya penseli, palikuwa na saini moja ya bluu.

"Huyu, nani alikuja kumtafuta?" kaka mtu aliuliza.

Babu Funguo alitikisa kichwa. Kisha akasema, kwa taabu, "Alhamisi Msomi aliniuliza habari za barua hizi. Nikamwambia, mwanangu, mimi natunza tu, sijui kitu. Panda juu kamuulize mwenye kozi." Alifunika uso. "Mimi ndiye niliyemtuma kwake."

Inspekta alimgusa bega. "Mzee, una funguo za milango yote humu?"

"Zote. Isipokuwa ule wa mwisho, kule. Stoo ya zamani, iliingia maji, ina na ngazi yake ya nyuma ya kupanda ofisini. Ofisi wameweka kufuli lao."

"Lini?"

"Jipya? Wiki iliyopita."

Wakasikia viatu kwenye ngazi, bila haraka. Mratibu alisimama kwenye ngazi ya mwisho, anatabasamu, fomu nyingine mkononi na kalamu ya bluu juu yake.

"Nimewatafuta kote. Saa sita inakaribia, ndugu yangu, nikasema nikuletee ya akiba. Saini hapa tu, upumzike."

Babu Funguo aliinuka. Machozi hayakuwa yamemkauka, lakini alilinyoosha kopo lake kama alivyolinyoosha kila siku kwa miaka thelathini.

"Kalamu haingii humu."

"Mzee, mimi siingii."

"Leo utaingia," Inspekta alisema. "Itumbukize koponi, Daktari. Taratibu. Tutaihitaji."

Mratibu aliona madaftari mawili yaliyofunuliwa mezani. Aliona koti na bitana yake. Tabasamu lilibaki usoni mwake kwa muda mrefu kupita kiasi, kisha kalamu ikaanguka koponi.

Kaka mtu alimsogelea. Hakupaza sauti. "Mdogo wangu yuko wapi?"

Macho ya Mratibu yalikwenda, mara moja tu, yakapita bega la kaka mtu mpaka mwisho wa korido, yakarudi.

"Babu," Inspekta alisema, bila kumwondolea Mratibu macho, "una nyundo?"

Mzee ambaye alikuwa akiwanyamazisha watu hata wakikohoa alikwenda akarudi na nyundo ya kuvunjia masanduku. Kaka mtu alimpokea. "Nipe mimi, mzee. Ni wangu."

Alipiga mara nne. Mara ya nne kufuli likaachia, mlango wa chuma ukafunguka kidogo, ukatoa hewa ya baridi na maji yaliyolala. Ndani kulikuwa giza. Inspekta alikuwa amemshika Mratibu mkono na alisikia mapigo ya damu yake yakienda mbio.

Kaka mtu hakuingia. Aliweka nyundo chini, akajifuta viganja kwenye shati, akasimama kizingitini.

"Hodi, Msomi," alisema. Akangoja. Kisha akasema tena, "Hodi."